Upinde wa kompaundi: kwanza ukutoshe, nguvu baadae

Haya ni maongezi niliyotoa jumamosi asubuhi hapa Malimbe, kiwanja cha mpira. Vijana waliniomba niandike kwasababu wengi walichelewa na wengine walikuwa bado wako mwaloni, kwahiyo nimeandika kama nilivyoongea.

Mwangaluka! Mwangaluka wazee wangu, mwangaluka kina mama, shikamooni wote mnaostahili, na nyie wadogo zangu mambo vipi. Naomba wale waliokaa pale juu ya jiwe washuke waje huku kivulini kwetu, siwafukuzi, mbele ya safari ntawaeleza kwanini jiwe na mshale havikai pamoja na mtanielewa.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa injini za boti kule Kirumba. Mzee wangu alikuwa sungusungu Magu miaka ile ya themanini mwanzoni, upinde wake ulikuwa unakaa juu ya kenchi na sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi hata kuunyooshea kidole. Kwahiyo nimekua naona upinde kama kitu cha wakubwa, kitu cha usiku na filimbi. Alafu ukubwani nikakutana na huu wa kisasa, huu wenye magurudumu, na nikaona kuna watu wanaucheza kama mchezo kabisa, wanapewa medali, na tangu hapo sijatulia. Ndo maana nimekubali kuja kuongea, kwasababu nataka hapa Mwanza tuwe na watu wanaoujua vizuri.

Sasa nianze na kitu kimoja ambacho nikiulizwa nini cha muhimu ntasema hicho hicho: usianze na nguvu. Mtu akishika upinde wa kompaundi mara ya kwanza swali lake ni paundi ngapi, unavuta paundi ngapi kaka, kama vile tunaulizana nani kabeba gunia zito. Swali la kwanza linatakiwa liwe je huu upinde unanitosha, yani urefu wake wa kuvuta unalingana na mikono yangu. Kiatu namba 45 hata kiwe kizuri namna gani ukikivaa na mguu wa 40 utaanguka tu.

Ngoja niwaonyeshe kwanza mashine yenyewe inavyofanya kazi, alafu hilo la kutosha litaeleweka lenyewe.

Nimekuja na mizani. Hii mnaijua, ni ile ya kuning'iniza ya samaki, yenye sura ya saa na ndoano chini. Nimeifunga hapa kwenye tawi la mwembe. Nachukua upinde, nanasa uzi kwenye ndoano ya mizani, alafu nashika mpini kwa mikono miwili nauvuta kwenda chini taratibu. Wewe kijana wa jezi nyekundu njoo usome kwa sauti. Haya... kilo tano... kumi... kumi na nne... kumi na nane. Hapo kumi na nane ni karibu ndoo ya lita ishirini imejaa maji. Naendelea kuvuta, angalieni mikono yangu bado inashuka, soma... kumi na mbili... saba... nne... haijafika nne. Mmeona? Uzi umeenda mbali zaidi lakini uzito umepungua! Kina mama pale wamesema "hee", na hiyo "hee" ndo upinde wa kompaundi wote. Sasa narudisha polepole, siachii, na mtaona sindano inapanda tena mpaka kumi na nane ndo ishuke kwenye sifuri.

Huu umesetiwa paundi 40, ambayo ni kama kilo 18. Ukifika mwisho wa kuvuta unabaki umeshika paundi 8 tu, kilo tatu na nusu na kitu. Yani asilimia 80 ya uzito imekuondokea mkononi, na zipo pinde zinazopunguza 65, zipo mpaka 90 hivi. Upinde wa babu zetu haufanyi hivyo, ule kadri unavyovuta ndo unavyozidi kuwa mzito, na pale mwisho kabisa ambapo unatakiwa utulie ulenge ndo uzito uko juu kuliko wote. Ndugu zetu Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanavuta pinde nzito sana za mti zenye uzi wa kano ya mnyama na wanapiga vizuri kwasababu wameanza wakiwa watoto wadogo kabisa. Sisi tumeanza na mpira wa makaratasi. Kompaundi inampa mtu aliyechelewa kuanza nafasi ya kutulia.

Swali linalokuja hapo ni, kama uzito umepungua basi na mshale utatoka umelegea? Hapana. Kazi yote uliyoifanya wakati unavuta zile kilo kumi na nane imeshaingia kwenye haya mabawa mawili, hili la juu na hili la chini, yamejikunja yamekaa nayo. Wewe umeshika kidogo lakini yenyewe yameshika yote. Ukiachia inarudi yote kwenye mshale, na upinde wenye nguvu wa mtu mzima unaweza kurusha mshale mita 90 kwa sekunde, piga hesabu hiyo ni zaidi ya kilomita 300 kwa saa.

Siri iko kwenye haya magurudumu ya pembeni. Tunaita kemu, na mafundi wenzangu mtanielewa haraka, ni kemu kama ya kwenye kemshafti, haijawa duara kamili na tundu la ekseli halipo katikati. Uzi umezunguka upande mmoja, na hizi kebo mbili zinatoka kwenye kemu moja zinaenda kushika bawa la upande wa pili. Ukivuta uzi, kemu inazunguka na kebo inajiviringisha inayakunja mabawa. Mwanzoni upande wa uzi una wenzo mfupi kwahiyo unahangaika, ni kama unafungua nati iliyoshika kutu kwa spana fupi. Kemu ikizidi kuzunguka, upande wa uzi unakuwa na wenzo mrefu na upande wa kebo unakuwa mfupi, ni kama mtu amekupokonya spana fupi katikati ya kazi akakupa ndefu. Nati ni ile ile, mkono ni ule ule, lakini sasa unashika bila kutetemeka. Wanafunzi mliopo hapa, yale mliyosoma darasani kuhusu wenzo na roda, haya hapa yameshikika.

Aliyeibuni ni Mmarekani, Holless Wilbur Allen, wa jimbo la Missouri. Aliomba hati ya ubunifu mwaka 1966 akapewa 1969. Kwahiyo upinde una maelfu ya miaka na huu wa magurudumu haujafika hata sitini tangu apewe hati. Ni mtoto. Kwenye mashindano ya dunia ya nje umeingizwa 1995, na Olimpiki walikuwa hawautaki kabisa, wanapiga ule wa kawaida uliopinda ncha tu, mpaka wameamua kwamba Los Angeles 2028 kompaundi itaingia kwa mara ya kwanza, timu ya mwanaume mmoja na mwanamke mmoja. Mwanaume na mwanamke! Dada zangu mnasikia? Msikae nyuma huko mnapiga picha tu.

Haya tuje kwenye kutosha. Urefu wa kuvuta, yani kutoka kwenye mpini mpaka uzi unapoishia shavuni kwako. Upinde wa kawaida unavuta mpaka mkono wako ulipofika, lakini kompaundi ina ukuta, kemu ikifika mwisho inagoma, haiendi mbele tena hata uvute na trekta. Kwahiyo huo ukuta lazima uwe mahali pako wewe. Jinsi ya kupima simama ukutani nyoosha mikono yote pembeni kama msalaba, usijivute, mtu apime kutoka ncha ya kidole cha kati huku mpaka cha kule, kwa inchi, alafu gawanya kwa 2.5. Mimi ni inchi 67, nikigawanya napata 26.8, kwahiyo natumia 27. Hiyo ni ya kuanzia tu, baadae unaongeza au kupunguza nusu inchi kutokana na uso na shingo yako vilivyo, lakini ukianzia hapo hujapotea.

Nasema hivi kwasababu mimi upinde wangu wa kwanza niliuziwa ukiwa umesetiwa inchi 30 na paundi 60. Aliyeniuzia aliniambia hiyo ndo saizi ya mwanaume. Nikaamini, nilikuwa na mikono ya fundi, nikaona paundi 60 si kitu. Na kweli niliuvuta. Lakini inchi tatu zaidi ya mwili wako ni nyingi mno jamani, kichwa kinaenda nyuma kuutafuta uzi, kiuno kinasukumwa mbele, mkono ulioshika upinde unanyooka mpaka kiwiko kinajifunga, na uzi ukirudi unakwangua huku ndani ya mkono kuanzia kiwiko mpaka karibu na saa. Nilikuwa na alama ya zambarau hapa, mke wangu akawa ananiuliza ni nani anayenipiga fimbo. Alafu bega la kulia likaanza. Miezi minne sikuweza kuvuta kamba ya kuwashia injini, na ile ndo kazi inayolisha nyumba. Sikuumizwa na upinde wa kompaundi, niliumizwa na upinde wa mtu mwingine.

Kwahiyo uzito. Shirikisho la dunia la mchezo huu, World Archery, limeweka ukomo wa paundi 60 kwa kompaundi kwenye mashindano. Yani bingwa wa dunia hazidi 60. Sasa wewe umeanza jana unataka 70 za nini? Kwa maoni yangu mtu mzima mwanaume aanze na 30 mpaka 40, dada aanze na 25 au 30, mtoto aanze na 10 au 15, na asione aibu. Kuna njia ya kujijua. Kaa kwenye kiti, nyanyua miguu yote miwili isiguse chini, elekeza upinde mbele kwenye shabaha, alafu vuta bila kuuinua juu kwenye mawingu. Ukiweza kuvuta taratibu ukashika ukahesabu kumi na tano, huo ni wako. Ukianza kujinyonga nyonga kama unatoa gari kwenye tope, punguza. Kupunguza ni rahisi, kuna bolti hapa juu na hapa chini, unalegeza kwa ufunguo wa elen, juu na chini sawa sawa, mzunguko mmoja unashusha kama paundi 2 au 3 hivi. Ila usome kitabu chake, usizidishe mizunguko waliyoandika, bolti ikitoka upinde unaweza kukufumukia usoni.

Na kama unanunua, tafuta ule unaorekebishika sana. Siku hizi zipo zinazoanzia paundi 5 mpaka 70 na urefu kuanzia inchi 13 mpaka 30, upinde mmoja anautumia mtoto wa darasa la tatu na mjomba wake, na mtoto akikua unageuza seti tu. Mimi naona kwa kwetu huku ambako hata duka la vitu hivi huna la kulitembelea, huo ndo wa maana kuliko ule wa bei kubwa ambao umekatwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Vikorokoro vingine ntapita haraka. Hiki ni kipande ambacho mshale unalalia, tunaita resti. Hii ni saiti, ya kulengea, hizi pini ni za umbali tofauti. Humu kwenye uzi kuna kitundu cha kuchungulia, kinaitwa pipu, unaiona pini ndani ya kitundu, ni kama kulenga bunduki, ndo maana mtu wa kompaundi anajifunza kupiga katikati haraka. Na hiki kinachofungwa mkononi ni rilizi. Uzi wa kompaundi hatuushiki kwa vidole, rilizi inashika kitanzi hiki kidogo nyuma ya mshale na inaachia yenyewe ukibana kitufe chake. Kidole chako kikae nyuma ya kitufe mpaka umeshalenga. Na ukikifikia usikidonoe, bana polepole huku mgongo unaendelea kuvuta, mshale uondoke kabla hujajiandaa kushtuka. Hilo linachukua miezi kulipata, na mimi bado nalifanyia kazi kila wiki.

Mshale sasa. Hapa naomba mninyamazie kidogo maana nataka msikie.

Huu ni mshale wa kaboni, mwepesi, hauna kosa ukiuangalia. Naushika huku na huku, naukunja kidogo, naleta karibu na sikio. Kimya. Nauzungusha kidogo nakunja tena. Kimya. Huu ni mzima. Sasa chukua huu mwingine, mama wewe ukae karibu, usikie mwenyewe. Nakunja... umesikia? Ndio, kama mtu anakanyaga ganda la karanga. Kwa macho huoni kitu, pitisha kucha hapa taratibu, kuna kiufa chembamba kama unywele. Huu mshale ukiuweka kwenye upinde wa paundi 40 unaweza kuvunjika pale pale unapoachia, na vipande vyake vinaingia kwenye mkono wako wa kushoto, na kaboni ikiingia nyamani inabaki vijiti vijiti. Kwahiyo kila mshale uliogonga kitu kigumu unakunjwa na kusikilizwa kabla haujarudi kwenye podo, kila mmoja, kila mara. Huu nauvunja mbele yenu sasa hivi ili mtoto asiuokote.

Na mishale ina ugumu tofauti, wanaita spaini, imeandikwa ubavuni, 400, 500, 600. Hapa wengi wanachanganya. Namba ikiwa ndogo mshale ni mgumu zaidi. 500 maana yake mshale ukilazwa ukaning'inizwa kauzito ka gramu 880 katikati unalegea nusu inchi. Upinde mzito unataka mshale mgumu, na mshale mlegevu kwenye upinde mzito ni hatari ile ile niliyowaonyesha sasa hivi. Na urefu, kwa anayeanza mshale uzidi urefu wako wa kuvuta, inchi moja au mbili mbele ya resti, usije ukavuta ncha ikarudi nyuma ikaelekea kwenye vidole vyako.

Sasa nirudi kwa wale niliowashusha kwenye jiwe. Mwanza ni mawe, tunajivunia mawe yetu, watalii wanapiga picha mawe. Lakini mtu akiniambia kaka nina sehemu nzuri ya kupigia, nyuma kuna jiwe kubwa litazuia mishale, nasema hapana. Jiwe halizuii, jiwe linarudisha. Mshale ukikosa shabaha ukapiga jiwe unapasuka au unaruka pembeni, hujui unaenda wapi, na nyuma ya kila jiwe huku kwetu kuna njia, kuna mbuzi, kuna mtoto anatoka kuteka maji. Nyuma ya shabaha kuwe na tuta la udongo refu kuliko mtu, au mlima wa mchanga ulio wazi unauona wote. Shabaha yenyewe sio lazima ya kununua. Chukua viroba viwili vya mchele, kimoja ndani ya kingine, jaza matambara na mifuko ya nailoni, shindilia mpaka kiwe kigumu kama ngumi, shona mdomo. Toa vifungo na zipu za nguo kwanza, zinaharibu ncha. Pale kwangu kimoja kimekaa zaidi ya mwaka.

Na anzia karibu. Mita tano. Najua mnataka mpige kule kwenye goli la pili, lakini mita tano mwili unajifunza bila macho kuingilia. Baadae kumi, baadae 18 ambayo ndo ya mashindano ya ndani, alafu siku moja mita 50, ambayo ndo ya kompaundi nje, kwenye shabaha ya upana wa sentimita 80. Na mpige asubuhi. Wavuvi hapa hawahitaji kufundishwa na mimi, mchana upepo unatoka ziwani unaingia nchi kavu, na ukianza kusukuma mshale wa anayeanza anadhani ni kosa lake anabadilisha kila kitu kumbe ni upepo tu.

Kuna jambo moja nataka mlishike hata kama mengine yote yatawatoka. Usivute upinde ukauachia bila mshale. Kamwe. Yale mabawa yana kilo zile zote, kama hakuna mshale wa kuzipokea zinarudi kwenye upinde wenyewe. Mtoto wa dada yangu alikuja nyumbani sikukuu moja, upinde ulikuwa umetundikwa sebuleni, mimi nilikuwa nje naongea na wageni. Akautoa, akaweka rilizi kama alivyoniona nafanya, akavuta, akaachia. Tulisikia mlio kama tairi limepasuka ndani ya nyumba. Nilipoingia amesimama ameganda, uzi umetoka kwenye kemu unaning'inia, kebo moja imekatika, na bawa la chini lina ufa kuanzia kwenye ekseli kushuka. Kipande kilipita juu ya nyusi yake. Ana kovu dogo mpaka leo. Nashukuru Mungu ni kovu. Upinde unafungwa kwenye begi lake, na begi linafungwa, tangu siku ile hakuna kitu kinatundikwa ukutani kwangu.

Na kwasababu hiyo hiyo jifunze kurudisha. Umevuta, umelenga, mtoto akakatiza mbele, unafanyaje? Unarudisha taratibu kama nilivyofanya kwenye mizani, umeuelekeza upinde kwenye shabaha mpaka mwisho. Kumbuka unaporudisha zile kilo kumi na nane zinakurudia ghafla, upinde unakunyakua bega. Kwahiyo upinde usioweza kuurudisha bila kuyumba usiuvute. Hicho ni kipimo kizuri kuliko kuvuta.

Tukiwa wengi tunatumia filimbi, sawa na dunia nzima. Mbili nenda kwenye mstari, moja piga, tatu nendeni mkachukue mishale, tano au zaidi simama hapo hapo kuna hatari. Hakuna mtu anapita mstari kabla ya tatu, hata kama ni mwenyekiti wa mtaa.

Matunzo kwa kifupi, uzi upake nta unapoanza kuota vinyweleo, usiache upinde ndani ya gari juani pale stendi ya Nyegezi, na usijaribu kubadilisha uzi mwenyewe bila presi yake, yani kile kifaa cha kuyabana mabawa. Mimi ni fundi na sijawahi kujaribu kwa mikono.

Na porini usiende nao. Sisi ni majirani wa Serengeti. Wanyama wale ni wa nchi, kuwinda bila leseni ni jela, na mtu mmoja akikamatwa na upinde wa kompaundi kule sisi wote tunaotaka kuucheza kama mchezo tumefungiwa mlango. Tukiunda kikundi twende kwa afisa michezo, tufuate taratibu za Baraza la Michezo la Taifa, polisi wajue, mtaa ujue.

Mama mmoja ameniuliza pale mwanzo kabla sijaanza, ana kijana wake mkono mmoja haufanyi kazi tangu ajali ya bodaboda, kama na yeye anaweza. Mama naomba nikujibu mbele ya watu wote. Kuna Mmarekani anaitwa Matt Stutzman, amezaliwa hana mikono yote miwili. Anakaa kwenye kiti, anashika upinde wa kompaundi kwa mguu wa kulia, rilizi imefungwa begani, ananyoosha mguu ndo upinde unavutika, anaachia kwa taya. Paralimpiki ya Paris 2024 amechukua dhahabu, kwenye fainali alipata pointi 149 kati ya 150. Na hapo hapo Paris kulikuwa na binti wa India, Sheetal Devi, miaka 17, hana mikono, alipata shaba ya timu. Unajua kwanini inawezekana? Rudi kwenye mizani yetu. Ukifika mwisho unashika kilo tatu na nusu tu, sio kumi na nane. Kijana wako ana mkono mmoja mzima na miguu miwili na meno, wapo wanaovuta uzi kwa meno kwa kipande cha ngozi kilichofungwa kwenye uzi. Mlete. Tutatafuta pamoja namna inayomfaa na tutaanza na paundi 10.

Haya nimeongea sana na jua linapanda, upepo utatukuta hapa. Tupange mstari, hatupigi bado, tunapima kwanza. Dada wa kitenge cha bluu wewe ndo ulinyoosha mkono wa kwanza, njoo usimame hapa ukutani, nyoosha mikono, usijivute. Kijana wa jezi shika tepu upande ule. Soma... inchi 63. Gawanya kwa 2.5... 25.2. Umeona, huu niliokuwa nauonyesha ni wa 27, sio wako. Ngoja nifungue begi la pili, kuna mdogo humu, tunauweka 25 na paundi 20. Anayefuata avue koti.